Agabo Alisema, Antiokia Wakachanga
Mafundisho juu ya maji yanayopanda

Masomo: Matendo ya Mitume 11:27-30, 2 Wafalme 3:9-20, Luka 13:1-5



Tunawaandikia neno hili wakati wa kiangazi, barabara zikiwa na vumbi na vijito vikiwa vyembamba hata mtoto anavivuka bila kulowesha magoti. Tumechagua wakati huu kwa makusudi. Mtu akifundishwa juu ya mafuriko wakati maji yameshafika mlangoni, hana masikio ya kusikia. Anatafuta watoto wake. Sasa ndipo tunaweza kuketi pamoja na kufungua Biblia.

Tuanze na nabii Agabo. Huyu alitoka Yerusalemu akashuka mpaka Antiokia, akasimama kati ya waamini, akatangaza kwa uwezo wa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Nayo ikaja kweli, katika siku za Kaisari Klaudio. Wasomaji wengi huishia hapo, kwa sababu kinachowapendeza ni kwamba unabii ulitimia. Lakini ndugu zangu, endeleeni kusoma mistari miwili inayofuata. Haisemi kwamba watu wa Antiokia walianza kumtafuta mchawi aliyeita njaa. Haisemi kwamba walimzunguka Agabo wakimwomba maono mengine. Inasema walichanga. Kila mwanafunzi alipima mkono wake mwenyewe, akatoa alichoweza, na mchango ukakabidhiwa kwa Barnaba na Sauli ili waupeleke kwa wazee wa Uyahudi.

Angalieni jinsi kazi hiyo ilivyokuwa na utaratibu. Wanaotoa wanajulikana. Wanaobeba wanajulikana kwa majina. Wanaopokea ni wazee, si mtu mmoja mwenye funguo mfukoni. Tunasema wazi: unabii wa Agabo ungekuwa upepo mtupu kama Antiokia wasingechanga. Roho alisema kwa kinywa cha mtu mmoja, lakini alitenda kwa mikono ya wengi.

Katika kanisa letu kuna wanaoota ndoto za maji, na wengine hupata maono katika mikesha. Hatudharau jambo hilo. Ila tangu sasa, yeyote atakayesimama na kusema, "Nimeona maji," aulizwe na wazee swali moja tu: tufanye nini kabla hayajafika? Elisha hakuwaacha wafalme wabaki na maono. Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, walikuwa jangwani bila tone la maji, na Elisha akawaagiza wachimbe mitaro katika bonde kavu. Akawaambia hawatasikia upepo, hawatatazama mvua, lakini bonde litajaa. Asubuhi maji yakaja kwa njia ya Edomu. Kwao maji yale yalikuwa baraka. Sisi tunachukua fundisho jingine. Maji yanaweza kujaa mahali ambapo mvua haikunyesha. Na mtaro huchimbwa wakati bonde ni kavu.

Jambo hilo la maji kuja bila mvua linatuhusu sana sisi watu wa Maniema ya kusini, kwa hiyo tulifafanue. Tunaishi kati ya maji ya aina mbili. La kwanza ni Lualaba. Huu ni mto unaotoka mbali, kusini kabisa, katika Katanga; unapita katika maziwa na mabwawa ya Upemba, ambamo maji hutawanyika na kukaa kwanza, kisha unapokea Lukuga karibu na Kabalo, ukapita Kongolo, ukapokea Luama yetu, ndipo ukafika kwetu Kasongo, na kuendelea Nyangwe, Kibombo na Kindu. Lukuga ndiyo njia ya pekee ambayo ziwa Tanganyika hutolea maji yake. Mwaka 2024 ziwa hilo lilipanda hata likaingia katika nyumba za watu Kalemie, Uvira na Bujumbura. Sehemu ya maji hayo iko njiani kuja kwetu, hata kama mbingu ya Kasongo ni nyeupe. Kwa hiyo mvuvi asiseme, "Mvua imekatika, hatari imepita." Lualaba ni mzee anayetembea polepole, anapanda kidogo kidogo, siku baada ya siku, na anashuka vilevile. Huyu anatupa siku za kujitayarisha, tukiwa na macho ya kumtazama.

Maji ya aina ya pili ni ya mito inayoshuka milimani. Luama hutoka katika milima iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika, ikashuka katika Kabambare. Vijito vinavyoingia ndani yake, na vile vya Kasongo, havina upole wa Lualaba. Mvua ikipiga mlima jioni, usiku wa manane maji yako kitandani. Hapo hakuna siku tatu za kufikiri. Kuna saa moja, au mbili, na giza.

Majirani zetu wamekwisha kuonja hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 mwezi wa 5, 2025, mto Kasaba katika teritware la Fizi, linalopakana na Kabambare, ulitoka katika njia yake ukakumba kijiji cha Kasaba pwani ya ziwa. Hesabu ya kwanza ilitaja wafu zaidi ya 60, na wakubwa wa mahali wakasema wamepita 100. Wengi walikuwa watoto na wazee, yaani wale wasioweza kukimbia. Miaka miwili kabla, Alhamisi tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, mito ya Kalehe ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Wafu walipita 400, wengine hawakuonekana tena, na Leta ikatangaza siku ya maombolezo nchi nzima. Uvira nayo, mwezi wa 4 mwaka 2020, ilipigwa na mto Mulongwe: makumi ya watu walikufa, maelfu wakabaki bila nyumba.

Baada ya mambo kama hayo, kuna maneno yanayosikika haraka kuliko vilio. "Walikuwa wamemkosea Mungu." "Kijiji kile kilijaa uchawi." Wapendwa, maneno hayo yasitoke katika kinywa cha mtu aliyevaa vazi la kanisa letu. Bwana Yesu aliulizwa karibu swali hilohilo. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, na yeye akakataa kabisa kwamba hao walikuwa na dhambi kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Akawageukia walio hai na kuwataka watubu. Toba hiyo ni ya nani, kama si yetu tuliobaki, tunaojua mahali ambapo maji hupita na bado tunanyamaza jirani anapojenga hapo?

Maana tazameni ni nani anayelala bondeni. Mara nyingi ni mgeni. Ni yule aliyekimbia vita katika kijiji chake, akafika na mfuko mmoja, na kiwanja kilichobaki kilikuwa cha chini, karibu na tope. Ni mjane ambaye shemeji zake walichukua nyumba ya juu. Ni kijana mchimba dhahabu wa upande wa Salamabila, aliyejenga hema karibu na shimo lake, juu ya ukingo uliolegezwa na machimbo yenyewe. Hao hawakuchagua mahali pabaya kwa sababu ya dhambi. Walipewa pabaya kwa sababu walikuja mwisho. Kuwaita wenye laana ni kuwaua mara ya pili.

Wazee wetu wa zamani walijua kujenga. Mwingereza Cameron alipofika Nyangwe mwaka 1874 alikuta vijiji viwili, kila kimoja juu ya kilima chake kando ya Lualaba, na kati yao bonde la tope linalofaa kwa mpunga. Tunajua mambo mengi maovu yaliyotendwa Nyangwe siku zile, utumwa na damu, na hatuna sababu ya kuusifu mji ule. Lakini jinsi walivyopanga nyumba na shamba, hilo lilikuwa sawa: nyumba juu, mpunga chini. Maji yakipanda, mpunga unaloa na watu wanabaki wakavu. Siku hizi katika sehemu nyingi tumegeuza: shamba liko kilimani ambako miti imekatwa, na nyumba iko bondeni karibu na maji ya kuteka. Kilima kisicho na miti hakishiki mvua. Kinaiachia ishuke yote pamoja, tena na udongo juu yake, ikaanguke juu ya paa la nyumba iliyo chini.

Sasa tuseme juu ya Leta, maana kuna Wakristo wanaodhani kanisa halina neno hapo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, inasema utu wa binadamu ni mtakatifu na kwamba Leta ina wajibu wa kuuheshimu na kuulinda. Neno hilo "mtakatifu" wamelikopa kwetu. Tuna haki ya kuwakumbusha maana yake. Kulinda si kuleta mahema na magunia ya unga baada ya mazishi, ingawa nayo tunashukuru yakija. Kulinda huanza kiangazi.

Na Leta ina macho ya kuonea maji. RVF hupima urefu wa mito kwenye vituo vyake. Mettelsat hutazama mawingu na mvua. Idara ya ulinzi wa raia iko chini ya wizara ya mambo ya ndani. Mwisho wa mwaka 2023 RVF ilionya kwamba mto Kongo unapanda kufikia kipimo kisichoonekana tangu mwaka 1961. Onyo lilikuwa kweli. Mwezi wa kwanza mwaka 2024 mto ulifika mita 6.20 Kinshasa, mwaka 1961 ulikuwa umefika mita 6.26. Hata hivyo wizara ya mambo ya jamii ilihesabu wafu 300 katika nchi na nyumba zaidi ya 43,000 zilizoanguka. Tufikirie vizuri. Agabo alisema, lakini hapakuwa na Antiokia. Kipimo kilisomwa Kinshasa, neno halikupata miguu ya kufika kijijini. Na pale lilipofika, mtu alisikia "hameni" bila kuambiwa ahamie wapi, kwa mtumbwi wa nani, na kiwanja kipi kinamngoja.

Hapa tunataka tueleweke. Mtu wa RVF mwenye fimbo yake ya kupimia hashindani na Roho Mtakatifu. Redio ikitangaza kwamba Lualaba imepanda Kongolo, usiseme, "Nabii wetu hajasema bado." Mungu aliyempa Agabo maono ndiye aliyempa yule mtu macho na hesabu.

Basi tunaomba wazee wa parokia waende kwa msimamizi wa teritware, kwa wakubwa wa sekta na kwa makapita, kwa heshima, kabla ya mwezi wa 9, pamoja na ndugu zetu Waislamu, ambao katika Kasongo ni wengi na wana sauti, na maji hayatofautishi msikiti na kanisa. Waende na maombi machache yanayoeleweka. Nguzo zenye alama za rangi zisimikwe ukingoni, Lualaba na Luama, na mtu apewe kazi ya kuzisoma kila asubuhi. Viwanja visigawiwe tena bondeni, hata kwa yule aliye tayari kulipa. Madaraja na mifereji ya barabara isafishwe kabla ya mvua. Dawa za kipindupindu na za kusafisha maji zifike Kasongo na Kabambare zikiwa zimetangulia mvua, kwa sababu toka Kindu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 200, na daraja moja likiondoka, msaada unaota mizizi njiani. Kule Uvira mafuriko yaliharibu hata mitambo ya maji ya mji. Watu walizungukwa na maji na hawakuwa na maji ya kunywa.

Wakikataa? Warudi tena. Yule mjane wa Injili alimchosha hakimu asiyemcha Mungu mpaka akapata haki yake. Ila tusingoje jibu la msimamizi ndipo tuanze. Katika usiku wa maji, Leta ya kwanza ni jirani. Hakuna gari litakalotoka Kindu kufika saa nane za usiku.

Kwa hiyo kila parokia ichague walinzi wa mto, vijana wawili wawili, kwa zamu, miezi yote ya mvua. Kazi yao si kuomba, wengine wataomba. Kazi yao ni kutazama. Wajue alama: maji yakibadilika rangi ghafula na kuwa mekundu, yakibeba majani mabichi na magogo, au kijito kikipungua ghafula wakati mvua inanyesha juu, maana huenda kimezibwa mlimani na kitapasuka. Hapo wapige ngoma. Mlio uwe mmoja, unaojulikana na wote, usiotumiwa kwa msiba wala kwa ibada. Mtandao wa simu haufiki kila kijiji, na betri huisha. Ngoma ya mti haiishi. Mlio ujaribiwe mchana, watoto wakiwepo, ili usiku wasiufikirie kuwa ndoto.

Wazee waandike orodha: nani hawezi kutembea, mama gani amejifungua karibuni, nani kipofu. Mbele ya kila jina liandikwe jina la kijana atakayembeba. Kasaba ilitufundisha ni nani wanaobaki nyuma. Na kama mkesha unaendelea kanisani na ngoma ya mto ikalia, mkesha uishe mara moja. Kiongozi asiwazuie watu kwa sala ndefu. Lutu alipoambiwa atoke Sodoma alikawia, na malaika wakamshika mkono yeye na nyumba yake wakawatoa nje; kiongozi wa sala afanye kazi ya wale malaika.

Makanisa yaliyo juu ya kilima yafunguliwe usiku huo kwa kila mtu, bila kuuliza dini wala kabila wala kama mtu amelipa zaka. Wanaoogopa kwamba mikeka itachafuka, tutaiosha pamoja kiangazi kikirudi.

Mama zetu wanajua kuweka mbegu juu ya meko, moshi ukizilinda na wadudu. Mbegu za mpunga, mahindi na karanga zipande juu zaidi, na sehemu ndogo ipelekwe katika ghala la kilimani, kwa sababu aliyepoteza mavuno mwaka huu na mbegu pia ameshapoteza mwaka ujao. Kadi ya kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, cheti cha ubatizo na karatasi za shule za watoto ziwekwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mahali pamoja, mtu azikamate hata gizani. Baada ya maji kushuka, visima vyote vilivyofunikwa vihesabiwe kuwa vichafu. Maji ya kunywa yachemshwe, hata yale yanayoonekana meupe. Mtu akianza kuhara maji maji kama ya mchele, apelekwe kituo cha afya wakati huohuo, akinyweshwa njiani maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo na sukari. Atakayemleta kwanza kwa maombezi, wazee waandamane naye na mgonjwa mpaka kituoni, wakiomba huku wakitembea.

Tunajua kuna mabaki ya nyumba za chini ambazo hazitahama mwaka huu. Makaburi ya wazazi yako pale, michikichi iko pale, na kilima kina mwenyewe. Hatuwalaumu. Tunawaomba wakristo wenye ardhi ya juu wafikiri mbele za Mungu kama wanaweza kutoa vipande vya kulala tu, si vya kulima, kwa miezi ya mvua. Mapatano yaandikwe mbele ya kapita, ili mwenye ardhi asiogope kunyang'anywa na mgeni asiogope kufukuzwa. Neno hili ni gumu kuliko yote tuliyoandika, na tunajua ni nyumba zipi zitakazonuna likisomwa.

Mchango wa Antiokia utakusanywa Jumapili ya pili ya mwezi wa 8 katika parokia zote. Kila nyumba ilete kipimo kimoja cha mpunga; asiye na mpunga alete muhogo mkavu au mafuta ya mawese; asiye na kitu alete nguvu zake kujenga ghala. Wazee watatu wapokee, wawili wanaume na mmoja mama, na funguo zikae kwao watatu. Kila kilichoingia kiandikwe katika daftari na kusomwa mbele ya watu siku hiyohiyo, kabla ya baraka ya mwisho. Walinzi wa mto waanze zamu zao siku mvua ya kwanza itakaponyesha, nao waombewe mbele ya kanisa, pamoja na ngoma yao.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.